Kompyuta isiyo na skrini iwekee mapigo ya moyo

"Fundi, ile mashine yako ilikuwa imezima. Nimeichomoa nikaichomeka tena, sasa inawaka vizuri."

Mwalimu alinipigia saa mbili asubuhi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefurahi kusaidia. Mimi nilibaki nimeshika simu. Haikuwa imezima. Jioni iliyotangulia niliiacha ikinakili Wikipedia nzima kutoka diski moja ya nje kwenda nyingine, faili la makumi ya gigabaiti, na kwa hesabu zangu lilikuwa limebakiza kidogo tu. Likakatikia njiani. Kufika shuleni pale ni daladala mbili na bodaboda, na safari yote ile nikairudia.

Mashine yenyewe ni kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi 4, inaenea kiganjani, haina skrini wala kibodi. Watoto wanaunganisha tableti zao kwenye Wi-Fi yake na kusoma bila intaneti. Ina vitaa viwili: chekundu cha umeme na kimoja cha kijani. Mwalimu alifanya ambalo mtu yeyote makini angefanya, aliangalia taa. Ya kijani ilikuwa kimya, akajua imeganda. Lakini kitaa kile kimepangwa tangu mwanzo kuonyesha jambo moja tu: memori kadi inaposomwa au kuandikwa. Kazi yangu yote ilikuwa inapita kwenye diski za USB. Kompyuta ilihangaika usiku kucha, na taa haikusema neno.

Tangu siku hiyo simkabidhi mtu kompyuta isiyo na skrini kabla sijaipa taa inayoonyesha kazi ilivyo kwa kweli. Aliye karibu na mashine ndiye mwenye mkono kwenye swichi, na yeye hana kingine cha kutazama.

Njia ninayoipendekeza haina gharama hata ya shilingi. Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta hii, inakubali kukipangia kitaa kile cha kijani kazi nyingine. Ingia kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike:

echo heartbeat | sudo tee /sys/class/leds/ACT/trigger

Kwenye mifumo ya zamani, mahali pa ACT andika led0. Papo hapo taa inaanza kudunda kama moyo: du-du, kimya, du-du, kimya. Kompyuta ikiwa imekaa bure, mzunguko mmoja unachukua milisekunde 1,260, sekunde moja na ushei. Mzigo, yaani wastani wa kazi zinazofanyika au zinazosubiri zamu, ukifika 1, mzunguko unashuka hadi milisekunde 860. Ukifika 5, ni 510. Hakuna haja ya kumfundisha mtu namba hizi, maana tofauti inaonekana kwa macho hata ukiwa mlangoni. Amri hiyo inapotea ukizima mashine, kwa hiyo fungua faili la config.txt uongeze mstari huu ili ibaki: dtparam=act_led_trigger=heartbeat.

Utaona kuna chaguo jingine liitwalo cpu, linalowasha taa kila prosesa, ubongo wa kompyuta, inapofanya kazi. Linavutia, nami nililijaribu kwanza, lakini kwa kazi kama yangu lingempotosha mwalimu tena. Kunakili faili kubwa hakuichoshi prosesa. Muda mwingi inasubiri diski imalize kuandika. Fikiria zahanati ambayo daktari amekaa peke yake chumbani kwa sababu wagonjwa wote wametumwa maabara. Ukichungulia kwa daktari utasema leo hakuna watu, kumbe mabenchi ya nje yamejaa. Linux inapohesabu mzigo inahesabu hata walioko mabenchini, yaani kazi zinazosubiri diski. Mapigo ya heartbeat yanafuata hesabu hiyo, tena wastani wake wa dakika moja, ndiyo maana kazi ikiisha hayatulii mara moja. Huwa nawaambia watu wayape dakika tano.

Baadaye nilitaka kitu kizuri zaidi. Kati ya 1995 na 1997 kampuni ya Be ya Marekani iliuza kompyuta iitwayo BeBox, na usoni mwake palikuwa na safu mbili za vitaa, moja kwa kila prosesa, zikipanda na kushuka na kazi kama vile vitaa vya sauti kwenye redio kaseti. Nilitamani kitu cha namna hiyo. Nikachukua LED tatu, kila moja na rezista ya omu 330, nikaziunganisha kwenye pini za GPIO, zile za kuunganishia vifaa vya nje, namba 17, 27 na 22. Nikaandika programu fupi ya Python inayosoma namba ya kwanza kwenye /proc/loadavg, faili ambamo Linux inaonyesha ule mzigo, kila baada ya sekunde mbili. Prosesa ya Pi 4 ina viini vinne vinavyofanya kazi sambamba, kwa hiyo nilipanga hivi: chini ya 1 kijani, kati ya 1 na 4 njano, juu ya 4 nyekundu.

Haikumaliza wiki. Darasa zima lilifungua tableti kwa pamoja, nyekundu ikawaka, na mtu akakimbilia kuchomoa waya. Simlaumu. Nani ataona taa nyekundu aiache iendelee? Mashine ilikuwa salama kabisa, ina kazi nyingi tu. Nilipobadilisha rangi likaja lingine, na hili ndilo lililonitisha zaidi: programu yangu ilikufa, na taa ya kijani ikabaki inawaka siku mbili nzima, kwa sababu pini inabaki pale ilipoachwa. Taa inayowaka bila kubadilika haikuhakikishii kwamba kuna kitu hai nyuma yake. Mapigo ya heartbeat yanaendeshwa na kiini cha Linux yenyewe (kernel). Mfumo ukiganda kweli, nayo yanakoma. LED zangu tatu nilizing'oa zote.

Kile kitaa chekundu cha umeme cha mashine yenyewe usikiguse. Kikizimika au kupepesa, umeme unaoingia umeshuka chini ya volti 4.63, na mara nyingi ni kwa sababu mtu ameweka chaja ya simu mahali pa chaja ya ampea 3 inayotakiwa.

Juu ya kasha nimebandika karatasi: IKIPIGA HARAKA USIICHOMOE. IKIACHA KUPIGA NIPIGIE. Mwezi uliopita umeme ulikatika, wakawasha jenereta, na jioni mwalimu yuleyule akapiga.

"Fundi, mafuta yanakaribia kuisha na taa bado inakwenda mbio. Tufanyeje?"

Nikamuuliza kama anaweza kuvumilia kidogo. Alivuta kiti, akaketi mbele yake na simu sikioni, akawa ananihesabia mapigo kwa mdomo mpaka yakapoa.