Anza na Kitabu Kitakachokunyima Usingizi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Morogoro aliniandikia ujumbe ambao naamini wengi wenu mngeweza kuuandika. Amesoma mpaka chuo kikuu, ana kazi nzuri, sebuleni ana kabati la vitabu, lakini tangu avue joho hajamaliza riwaya hata moja ya Kiswahili. Mwanawe wa darasa la sita ndiyo kabisa: akipewa kitabu anakifungua kwa adabu, anasoma ukurasa mmoja, anakirudisha mezani. "Nianze na kipi, na mtoto nimpe kipi?" Swali ni fupi, ila jibu lake nimelibeba tangu utotoni, kwa hiyo mnivumilie nilieleze kwa kirefu.

Anza na kitabu kitakachokunyima usingizi. Vya kukupa heshima mbele za watu vitafuata. Wengi wakiulizwa riwaya bora za Kiswahili hukimbilia kutaja Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi, na kweli ni kazi kubwa, chache kwa kurasa na nzito kwa fikra. Lakini mpe mtu aliyekaa miaka bila kusoma: atafika ukurasa wa kumi, ajione hana akili, arudi kwenye simu yake. Kezilahabi huyohuyo aliandika Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, habari za binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali wa baba mpaka siku alipofika mahali ambapo baba hamwoni. Kuna wakati ilizuiwa isisomwe mashuleni. Mtu mzima akiishika hiyo jioni, haiweki chini. Nagona itamsubiri.

Mimi hamu ya kusoma niliipata kwenye kebini ya lori. Mjomba wangu alikuwa dereva wa masafa marefu, na utingo wake alikuwa na desturi ya kununua riwaya kila walipolala stendi. Walipopita kwetu Tabora waliniachia walizozimaliza. Zilikuwa hazina majalada, zina madoa ya grisi, na nyingine kurasa za mwisho zimeshachanika, hivyo nilingoja mpaka lori lirudi ndipo nimuulize yule kaka nani alikuwa muuaji. Alinisimulia huku anakaza kamba za turubai, naye alikumbuka kila kitu. Hakuwa amemaliza shule ya msingi. Sijawahi kukutana na msomaji mkubwa kumzidi.

Kwenye furushi hilo ndimo nilimokutana na Willy Gamba wa Elvis Musiba. Kufa na Kupona ilitoka mwaka 1974, na ndani yake mpelelezi huyo anatumwa Nairobi kufuatilia nyaraka za siri za harakati za ukombozi wa Afrika. Kabla sijasikia darasani kwamba Kamati ya Ukombozi ya OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, nilikuwa tayari nimeshaililia na kuishangilia kitandani. Halafu akaja mpelelezi Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na mwenzake Nuru pembeni. Nikasoma Tutarudi na Roho Zetu? mpaka taa ya chemli ikaisha mafuta. Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo yake ya mwaka 1965 alikuwa ameshawatengenezea wote hao njia.

Nilipoingia sekondari ya bweni nilikwenda na riwaya mbili sandukuni. Mwalimu mmoja, ambaye sitamtaja wala shule sitaitaja, alinikuta wakati wa prepo nimeiweka Kikosi cha Kisasi ya Musiba ndani ya daftari. Asubuhi, mstarini, akaniita mbele, akasema hivi ndivyo vitabu vya wahuni, akaichana vipande shule nzima ikitazama. Wenzangu walicheka. Nimekuwa mtu mzima, nina watoto, na nikiandika sentensi hizi bado kifua kinanibana. Haikuwa hata yangu. Ilikuwa ya utingo.

Sasa nimwambie mwalimu yule, kama yu hai na anasoma hapa: Kiswahili kinachonilisha nilikiokota kwenye vitabu hivyo. Kazini kwetu taarifa ikitakiwa iandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, inaletwa mezani kwangu, hata na waliosomea lugha. Najivunia hilo na sioni sababu ya kulificha. Kitenzi kinachokimbia, mazungumzo yanayosikika kama watu kweli, sentensi inayojua pa kukatika, hayo yote Musiba na Mtobwa walinifundisha bila fimbo.

Na darasani tulisoma nini? Tulikariri vitini. Dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo, "mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa". Kuna wenzangu waliopata alama za juu kwenye fasihi bila kukigusa kitabu chenyewe, wamesoma uchambuzi tu. Dada yangu wa Morogoro, kinachokusumbua hakikuanzia kwako. Ulifundishwa kwamba riwaya ni mtihani, na mtihani ukiisha mtu anapumzika. Ndiyo maana nakuomba, kitabu cha kwanza utakachoshika sasa kisiwe kile ulichofanyia mtihani, hata kama ni kizuri. Utakisikia kitini kinakunong'oneza kila ukurasa.

Basi twende kwenye vitabu vyenyewe. Ukipenda fumbo, mchukue Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mpelelezi wa Kizanzibari mwenye kiko chake, asiye na haraka, anayesikiliza watu wakijikanganya wenyewe. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi kabla ya kuchapwa mwaka 1960, na utaona sababu. Kinachonivuta pale ni maongezi. Watu wanabishana kwa Kiunguja kitamu, Bwana Msa anachomekea neno moja, na mtu mzima anajikuta ameshasema asichotaka kusema. Ukiimaliza, Kisima cha Giningi na Duniani Kuna Watu zipo.

Ukipenda mapenzi na hila, soma Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1972. Msichana Bahati, kijana Idi, tajiri mzee Mwinyi, kila mmoja na kiu yake, na hakuna anayekunywa akatosheka. Ni fupi. Mara nyingi ndiyo ninayompa mtu anayesema hana muda, na bado sijaona aliyenirudishia kabla ya kuimaliza. Utengano ya Said Ahmed Mohamed nayo ina Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na baba yake Bwana Maksuudi mpaka siku anapotoroka. Wakenya wengi waliisoma kwa ajili ya mtihani, kwa hiyo wao nawashauri waanze na nyingine, kisha wairudie wakiwa na utulivu.

Lakini ukiniambia nichague moja tu kwa mtu mzima, nitakupa Vuta n'kuvute ya Adam Shafi. Yasmini, binti wa Kihindi wa miaka kumi na mitano, anaozwa kwa Bwana Raza, mwanamume wa makamo mwenye duka. Anaondoka. Anakwenda kuishi na Mwajuma mtaa wa Ng'ambo, hukohuko Unguja, penye ngoma na taarabu na umaskini, na huko anampenda Denge, kijana anayesakwa na serikali ya kikoloni. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara ninapofika kwa Mwajuma nasimama kidogo, kwa sababu sijui mwandishi mwingine aliyemwandika rafiki wa kike kwa ukarimu namna ile: mwanamke asiye na kitu anayekufungulia mlango usiku bila kukuhoji. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitoa kuwa filamu. Tazameni, ni nzuri, ila someni kwanza. Shafi huyo aliandika pia Kuli, juu ya wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948, na wale mnaopenda historia mtafurahi nayo.

Na mkishapata nguvu ya miguu, ipo Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyoiandika kwa Kiingereza, ikaletwa nyumbani na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobeli. Inakwenda polepole. Mpe nafasi.

Kwa watoto nina ushahidi wa karibu. Jumamosi jioni watoto wa mtaani kwetu hukaa barazani kwangu na kusoma kwa sauti kwa zamu. Kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akifikiwa na zamu anaanza kutokwa na machozi, maana alikuwa anasoma kwa kudonoa silabi na wenzake wanamsubiri. Nikamtoa kwenye zamu. Nikawa namsomea mimi Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, peke yetu, mpaka pale ambapo Adili, kijana mpole anayesifiwa na kila mtu, anafungua chumba usiku na kuwachapa manyani wawili waliofungwa, huku mwenyewe analia. Hapo nikafunga kitabu nikamwambia giza limeingia. Akakiomba akakichukua kwao. Mwezi uliopita alinisimulia mwisho wake, pamoja na Mfalme Rai na mji uliogeuka mawe, hakuacha kitu. Mama yake alikuja kunishukuru. Nilifurahi kuliko ningepewa cheo.

Kitabu hicho ni cha mwaka 1952 na Kiswahili chake kina maneno ya zamani. Msiogope. Mtoto anayetaka kujua manyani ni nani ataruka neno asilolijua na kusonga mbele. Kwa wadogo zaidi, Hekaya za Abunuasi hazijawahi kuniangusha. Mtoto wa darasa la sita au la saba anayekaa mjini atajiona ndani ya Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, kwa Peter na Zita waliorudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare, na wenzao wanaookota jalalani. Wanafunzi wa sekondari wapeni Siku Njema ya Ken Walibora: Kongowea, aliyefiwa na mama yake mwimbaji wa taarabu kule Tanga, anafunga safari mpaka Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Rosa Mistika, na Dar es Salaam Usiku ya Mtobwa, ziacheni juu ya kabati mpaka wakue.

Mtaniuliza namna. Msomee kwa sauti, kisha simama pale panaponoga. Wewe mwenyewe jipe kurasa ishirini. Zikikataa kukuvuta, weka kitabu chini bila kujilaumu, chukua kingine. Usilazimishe. Kitabu cha kwanza kikikunyima usingizi, cha pili utakitafuta mwenyewe.

Wazazi, sasa nasema nanyi. Mtoto hawezi kupenda kitu ambacho hajawahi kukuona ukikipenda. Unamnunulia keki ya siku ya kuzaliwa ya bei ya riwaya kadhaa, halafu unalalamika hasomi. Unamwambia akasome huku wewe umeinamia simu. Keti naye. Soma kitabu chako ukiwa mbele yake, akuone unatabasamu, akuone umekasirika kwa ajili ya mtu ambaye hayupo duniani. Na ukimkuta na riwaya ya wapelelezi, tafadhali, usiichane.

Jambo moja linaniumiza na sitalinyamazia. Kila nikitaja kitabu, ndani ya saa moja mtu ananiomba nimtumie faili kwenye WhatsApp. Sitatuma. Walibora na Kezilahabi wote walitutoka mwaka 2020, Mtobwa alitangulia 2008, na vitabu vyao vitaendelea kuchapwa iwapo tu kuna anayenunua. Waandishi wapya wanatutazama waone kama kazi hii ina wenyewe. Nenda dukani. Dar es Salaam kuna duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) Barabara ya Samora, na mikoani ukikosa, mwambie mwenye duka akuagizie, mwachie namba yako, rudi tena umuulize, maana asipoulizwa ataendelea kujaza rafu kwa vitini. Za Musiba na Mtobwa mara nyingi utazipata kwa wauza vitabu vya zamani wanaotandaza pembeni mwa barabara. Kagua kama kurasa za mwisho zipo kabla ya kulipa.