Nairobi hadi New York: kwa nini kwenda ni saa 15 na kurudi 14?

Ndugu, tiketi yako haina kosa. Umeuliza inakuwaje uondoke Nairobi usiku wa manane, ufike New York asubuhi ileile, na bado waseme safari ni saa 15. Fanya hesabu kwa saa ya nyumbani: ukiruka saa sita usiku, baada ya saa 15 Nairobi ni saa tisa alasiri. New York iko nyuma yetu kwa saa 7 majira ya joto, kwa hiyo kule ndiyo kwanza saa mbili asubuhi. Wakirudisha saa zao nyuma mwezi Novemba, tofauti inakuwa 8.

Umbali wa moja kwa moja ni kama kilomita 11,800, na hauongezeki ukirudi. Kinachobadilika ni upepo. Huko juu, zaidi ya kilomita 9 angani, kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda unapambana nao, ukirudi unakusukuma mgongoni, ndiyo maana unaokoa karibu saa nzima.

Umeuliza pia kwa nini ndege haijazwi mizigo; hilo nalo lina sababu. JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na ndege yenye mafuta ya saa 15 hupata kazi kuinuka, ndiyo maana haijazwi mizigo. Wanaruka usiku, kukiwa na baridi, na hilo husaidia kidogo.

Vaa soksi za kubana, miguu huvimba kweli.