Samoni na stilhedi wa vuli: chubwi kwanza, fimbo baadaye

Samoni akishaingia mtoni hali tena. Hilo ndilo ninalomwambia kila anayeniuliza anunue chambo gani, na wengi huwaudhi, maana wanakuja kuuliza wakiwa wameshatoka dukani na mfuko umejaa. Tumbo la samoni wa Septemba limeanza kusinyaa. Anaishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini katika Ziwa Michigan, na kilichomleta mtoni ni kutaga, kisha kufa. Akiuma kitu anauma kwa hasira, au kwa mazoea ya maisha yake ya ziwani.

Stilhedi, ambaye ni trauti anayekulia ziwani, ni mtu mwingine. Anaingia mtoni na njaa yake, anamfuata samoni nyuma ili ale mayai yanayochukuliwa na maji, na akishataga yeye mwenyewe masika yajayo anaweza kurudi ziwani na kuendelea kuishi. Kwa hiyo samoni unamchokoza, stilhedi unamlisha. Karibu kila kitu nitakachosema hapa chini kuhusu vifaa kinatoka kwenye tofauti hiyo.

Nazungumzia magharibi ya jimbo la Michigan, Marekani, kwa kuwa ndiko ninakoishi, na ndiko tulikojaa sisi tuliotoka Kongo, Burundi na kambi za Kigoma. Mto Grand unapita katikati ya Grand Rapids, na pale kwenye bwawa la Sixth Street unaweza kusimama bure ukitazama samaki wakiruka kwenye ngazi waliyojengewa ili wapande. Ukiwa na gari, kuna mto Muskegon chini ya bwawa la Croton, na Manistee chini ya bwawa la Tippy. Mabwawa yanawazuia samaki kuendelea juu, ndiyo maana wavuvi nao wanajazana hapo. Mimi napendelea kushuka chini kidogo, mbali na bega la mtu.

Samaki hawa si wenyeji wa huku. Samoni wetu ni wa aina mbili: koho walipandwa mwaka 1966 kwa mayai yaliyotoka Oregon, Chinook wakafuata 1967. Ziwa Michigan lilikuwa limejaa samaki wadogo waitwao alewife, waliopenya kutoka bahari ya Atlantiki kwa njia ya mifereji, na trauti wakubwa wa ziwa ambao wangewala walikuwa wameangamizwa na lampri, samaki mwenye umbo la nyoka anayewanyonya damu wenzake, pamoja na uvuvi uliopita kiasi. Samoni aliletwa awale alewife, akawala kweli, akanenepa. Mwaka 1978 alivuliwa Chinook wa karibu kilo 21 katika mto huu wetu wa Grand, na rekodi yake ya jimbo ilidumu hadi 2021, ilipovunjwa karibu na Ludington. Usitegemee huyo. Chinook wa kawaida ni kilo 5 hadi 9, na hao tayari wanatosha kukukatia mshipi. Stilhedi yeye alifika mapema zaidi, tangu miaka ya 1870, na kwa aina ni yuleyule trauti wa upinde wa mvua anayepatikana kwenye mito ya Mlima Kenya na kukuzwa Kiganjo kule Nyeri. Tofauti ni kwamba huyu anakwenda kukulia ziwani na kurudi na mwili wa kilo 3 au 4, wakati mwingine zaidi.

Sasa vifaa. Watu huanza na fimbo. Mimi nasema anza na chubwi, zile risasi ndogo za kubana kwenye mshipi, kwa sababu ndizo zinazoamua kama samaki atakiona chambo chako au hatakiona. Mto hauendi kwa mwendo mmoja. Juu maji yanakimbia. Chini, yakisuguana na mawe, yanakwenda taratibu, na samaki analala huko chini ili asipoteze nguvu. Yai la samoni likiachiliwa na maji linapita kwa mwendo wa chini. Chambo chako kikipita kwa mwendo wa juu, kwake si chakula. Huo ndio ufundi wenyewe, na hakuna fimbo ya bei kubwa itakayokufanyia.

Kuujua mwendo huo ni rahisi ukitumia chelezo. Tazama mapovu yanayoelea karibu na chelezo chako. Mapovu yakikipita chelezo, uko vizuri: chambo na chubwi ziko kwenye maji ya taratibu na zinakirudisha chelezo nyuma kidogo. Chelezo kikienda sambamba na mapovu, chambo kiko juu mno, ongeza kina au ongeza risasi. Kichwa cha chelezo kikiinamia upande maji yanakokwenda, tena kinazamazama kila hatua, chubwi zinaburura chini, punguza kina. Mimi huongeza kina kidogo kidogo mpaka chelezo kianze kugusagusa, halafu nakipunguza kiasi cha kiganja. Na risasi usizirundike mahali pamoja. Panga kubwa juu, karibu na chelezo, kisha ndogo na ndogo zaidi kuelekea kwenye ndoana, ili chambo kitangulie kushuka bila kudundadunda.

Duka litakuuzia risasi za ukubwa mmoja kwenye kikopo. Nunua kile chenye saizi mchanganyiko. Ni kitu cha dola chache, na kwangu kinashinda sanduku zima la chambo bandia.

Baada ya hapo ndiyo fimbo. Kwa stilhedi wa chelezo tafuta ndefu, futi 10 au 11, laini kwenye ncha. Urefu unakusaidia kuunyanyua mshipi usilale juu ya maji; mshipi uliolala unashikwa na mkondo na kukikokota chelezo, na hesabu yote ya mapovu inaharibika. Tena stilhedi anaruka na kukimbia ghafla, na ncha laini inapokea ule mshtuko ambao mshipi mwembamba usingeuweza. Kwa Chinook nataka kitu kifupi kidogo na kigumu, futi 8 na nusu au 9, chenye mgongo wa kumgeuza samaki asiingie kwenye magogo. Kama uwezo ni wa fimbo moja tu, nunua ya stilhedi yenye nguvu ya wastani, uvulie stilhedi na koho, na Chinook uwaache kwa mwaka huu. Msimu wa Chinook mtoni ni mfupi, Septemba na Oktoba basi. Stilhedi utamvua kuanzia katikati ya Oktoba mpaka masika, vidole vyako vikikubali.

Kwenye mshipi usibanebane pesa. Kwa samoni natumia wa kusukwa wa ratili 30, na mwisho nafunga kipande cha nailoni cha ratili 15 hadi 20 kinachobeba ndoana. Kwa stilhedi, nailoni ya kawaida ya ratili 8 au 10, na kipande cha mwisho cha fluorokaboni, mshipi usioonekana sana majini, cha ratili 6 au 8, kama urefu wa mkono. Hicho cha mwisho lazima kiwe dhaifu kuliko mshipi mkuu, ili ukinasa kwenye jiwe upoteze ndoana peke yake na si chelezo na chubwi zote. Kila ukimtoa samaki, pitisha vidole kwenye ile mita ya mwisho. Ukihisi mkwaruzo, kata, funga upya. Breki ya rili nayo ilegee kiasi cha kutoa mshipi kabla haujafika hata nusu ya nguvu yake. Ujio wa Desemba ni jambo jingine: mshipi wa kusukwa unabeba maji na kugandisha barafu kwenye pete za fimbo, ndiyo sababu nyingine ya kubaki na nailoni.

Tumchokoze samoni basi. Mwishoni mwa Agosti, kabla hajaingia mtoni, anazunguka midomoni mwa mito, na gati za Grand Haven, Muskegon na Ludington hujaa watu usiku. Hapo kinachofanya kazi ni kijiko, yaani chambo bandia cha chuma chenye umbo hilo, cha gramu 20 hivi, kile kinachong'aa gizani. Kimulike kwa tochi, rusha mbali, kivute polepole. Saa za heri ni zile za kabla ya mapambazuko; jua likishapanda, nenda kazini. Mtoni nako alfajiri ndiyo yenyewe. Vutisha samaki bandia wa plastiki au spina, chambo chenye kibati kinachozunguka, mbele ya shimo wanakopumzika, upite mahali pamoja tena na tena mpaka mmoja achoke kuvumilia. Njia ninayoipenda zaidi ni kipande cha mayai ya samoni yangali kwenye utando wake, yaliyotiwa chumvi na boraksi yakakaza, yakining'inia chini ya chelezo. Hapo jifunze fundo linalozunguka shina la ndoana na kuacha kitanzi: kipande cha mayai unakipitisha kwenye kitanzi, unakaza, na hakitoki kwa kurushwa. Samoni asiyekula bado anayatia mayai mdomoni, na chelezo kinaweza kutetemeka tu badala ya kuzama. Ukiona tofauti yoyote, vuta.

Stilhedi, kama nilivyosema, unamlisha. Chambo ni mayai machache yaliyofungwa kwenye kitambaa cha wavu chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, au ushanga wa plastiki wa milimita 8 au 10 uliobanwa kama sentimita 5 juu ya ndoana ndogo. Ushanga hauliki, lakini unafanana na yai, na ndoana ikiwa nje kidogo humshika pembeni mwa mdomo badala ya kooni. Rangi unaichagua kwa maji. Maji yakiwa angavu, ushanga mdogo, rangi iliyopauka kama yai lililokufa. Maji yakiwa ya chai baada ya mvua, kitambaa cha manjano kali au waridi, kikubwa. Yakiwa ya maziwa, siku hizo mimi hubaki nyumbani. Mto ukianza kushuka na kusafika, siku ya kwanza au ya pili, ndiyo ya kuomba ruhusa kwa bosi.

Mahali pa kumtafutia ni chini ya matuta ya changarawe ambako samoni wanataga, pale maji yanapoanza kuingia kina. Usivue juu ya matuta yenyewe wala usiyakanyage, maana miguu yako inaua mayai ya samaki wa miaka ijayo. Maji yakishuka chini ya nyuzi 4 za Selsiasi, stilhedi anaacha mikondo na kuhamia mashimo ya maji yaliyotulia. Hafukuzi tena kitu. Chambo kipite karibu na pua yake, taratibu. Akishanaswa akaruka, inamisha ncha ya fimbo mshipi ulegee. Ukimng'ang'ania akiwa hewani atakuachia ndoana.

Kuna jambo ambalo sisi tuliokulia kando ya Ziwa Tanganyika tunalisikia vibaya, kwa kuwa kwetu samaki ni wavu na taa, na aliyeingia wavuni ameingia. Huku samaki aliyenaswa mgongoni, tumboni au mkiani si wako. Lazima ndoana iwe ndani ya mdomo. Vinginevyo unamrudisha majini papo hapo, hata awe mkubwa namna gani. Utawaona watu wanavuta ndoana kubwa kwa nguvu katikati ya samoni waliojazana. Hiyo ni kosa la jinai, na maofisa wa maliasili huja bila sare. Kuanzia miaka 17 unahitaji leseni, na samaki wa ndoana hauzwi, hata kwa jirani, hata kwa bei ya petroli. Idadi ya samaki kwa siku na ukubwa wa ndoana hutofautiana mto na mto, kwa hiyo soma kijitabu cha kanuni cha mwaka husika kabla ya kuondoka nyumbani, au mpe mwanao wa sekondari akusomee.

Suruali ya mpira ya kifuani ifungwe mkanda kiunoni, ili ukianguka isijae maji. Chukua fimbo ya kutembelea. Usisogelee mguu wa bwawa.

Na kula? Mchague tangu majini: aliye na fedha ubavuni ndiye wa jikoni, na koho wa ziwani ni mtamu kuliko Chinook yeyote. Mkate matamvua damu itoke, mtie kwenye barafu hapohapo. Aliyekwisha geuka mweusi nyama yake imepauka na kulegea. Nimewaona kina mama wetu wakimtia moshi siku nzima kwa matumaini, na ladha ikabaki ya mto. Ila hata huyo mzuri usimle kila siku. Samaki wakubwa wa Ziwa Michigan wana kemikali ziitwazo PCB zinazokaa kwenye mafuta, na idara ya afya ya jimbo inatoa bure mwongozo wa kiasi cha kula kwa kila ziwa na kila aina ya samaki. Toa ngozi, kata mafuta ya tumbo na ule mstari wa kahawia wa ubavuni, mchome juu ya wavu mafuta yadondoke. Mama mjamzito na watoto wadogo wafuate mwongozo huo kwa ukali zaidi, hata kama bibi yao anasema samaki hajawahi kumdhuru mtu Ujiji.