Mwanangu, usiyafukuze mawazo

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini kila unapofumba macho ufanye taamuli mawazo huongezeka badala ya kupungua, na kama hiyo ni dalili kwamba vipasana, yaani taamuli ya Kibuddha ya kutambua kila kinachotokea, haikufai. Si dalili hiyo. Mawazo yalikuwapo muda wote. Sasa hakuna simu wala mazungumzo ya kuyafunika, ndiyo maana unayaona. Kinachokuchosha ni kwamba unakaa ukiwa umekusudia kuyafukuza.

Katika mafundisho ya Buddha, akili huhesabiwa kuwa mlango wa sita wa fahamu, pamoja na macho, masikio, pua, ulimi na mwili. Sikio husikia, akili huwaza. Kazi ya vipasana ni kukijua kinachotokea pale pale kinapotokea, na wazo ni tukio kama sauti ilivyo tukio. Kuituliza akili kwa kuifunga kwenye kitu kimoja ni zoezi jingine, samatha, nalo lina heshima yake, ila silo unalolifanya.

Nakushauri ushike njia ya Mahasi Sayadaw, mtawa wa Myanmar aliyeishi kati ya 1904 na 1982, kwa kuwa maelekezo yake hayamwachi mtu abahatishe. Kaa juu ya mto mgumu, nyonga ziwe juu kidogo kuliko magoti. Zikiwa chini, mgongo hupinda na usingizi huingia. Kiti nacho kinafaa, mradi nyayo zikanyage sakafu na usiegemee. Weka kengele ya dakika 20 usije ukachungulia saa. Peleka usikivu tumboni. Tumbo likipanda, sema moyoni "linapanda", likishuka, "linashuka". Pumzi iache ijiendee yenyewe. Wengi huanza kuivuta kwa makusudi ili waione vizuri, kisha kifua kinabana. Ikikutokea, acha tumbo kwa muda, uhisi makalio yanavyogusa mto na mikono ilivyolala mapajani, hadi pumzi irudie mwendo wake.

Wazo likija, litaje: "kuwaza". Usiulize limetoka wapi wala linamhusu nani, maana ukianza kulichambua umeshaingia ndani yake. Neno liwe jepesi; sehemu kubwa ya usikivu ibaki kwenye jambo lenyewe. Likiisha, rudi tumboni. Ukigundua kwamba umepotea dakika tano nzima, taja "kupotea", urudi bila kujikaripia. Sisitizo langu liko hapa, mwanangu: ule wakati unaoshtuka na kujua kwamba ulikuwa unawaza ndio utambuzi wenyewe. Ukirudi mara mia katika kikao kimoja, umefanya mazoezi mara mia. Ukihesabu kurudi huko kuwa kushindwa, unaitupa kazi yote.

Kuna mawazo ambayo ukiyataja hayaondoki, yanarudi yale yale. Hapo mara nyingi unayataja kwa nia ya kuyaua, na nia hiyo hujaitaja. Taja "kutopenda" au "kutaka liondoke". Halafu shuka mwilini: chini ya wazo linalojirudia huwa kuna hofu, uchungu au tamaa, na inaonekana kama mbano kooni, joto usoni au uzito kifuani. Huo mbano utazame. Utauona ukikaza, ukilegea, ukihama. Kuona hivyo kwamba hakidumu kitu, tena bila wewe kukiamuru, ndiko kuona kunakotafutwa.

Usipuuze vedana, yaani ladha ya kila tukio: ni ya kupendeza, ya kuudhi, au si hili wala lile. Buddha aliiweka kuwa msingi wa pili kati ya minne ya utambuzi, baada ya mwili na kabla ya hali za akili na mambo ya akilini. Sababu yake inashikika: mguso huzaa vedana, na vedana isipotambuliwa huzaa tamaa au chuki. Ukiwashwa puani, tenganisha mwasho, kero yake, na ile haraka ya mkono kutaka kujikuna. Ukiamua kujikuna, jikune, lakini taja "kutaka", kisha "kuinua", "kukuna". Vedana isiyo hili wala lile ndiyo inayowapotezea watu wengi vikao vyao: haivuti usikivu, akili inachoka nayo, na ndoto za mchana zinaanza.

Usingizi ukikuzidi, fumbua macho au simama. Ganzi ya miguu inayoisha ukisimama haina neno. Maumivu makali ndani ya goti ni sababu ya kubadili mkao, si mtihani wa ushujaa. Ukiwa na wahaka, tembea kwanza dakika 10: hatua kama 15 kwenda, simama, geuka, rudi, ukitaja "kuinua", "kusogeza", "kukanyaga". Kutembea si mapumziko ya vikao. Katika vituo vya njia hii hupewa muda sawa na kukaa.

Umesikia pia juu ya kozi za siku 10 za S. N. Goenka, mwalimu mwingine wa vipasana. Ni njia nyingine: siku tatu za mwanzo ni pumzi puani, kisha usikivu unapitishwa mwilini sehemu kwa sehemu, karibu saa 10 kwa siku, kimya kitupu. Usizichanganye mbili hizi katika kikao kimoja, na usianzie huko. Kwa mtu mwenye mshtuko wa zamani usiopona au huzuni nzito, siku nyingi za ukimya huweza kumzidishia; huyo azungumze kwanza na daktari. Wewe mwenyewe, ukikosa usingizi usiku kadhaa mfululizo au ukishikwa na hofu isiyoachia, punguza vikao, ule vizuri, ukae na watu.

Ukiandika tena, usiniambie kikao kilikuwa kizuri au kibaya. Niambie mambo matatu, kama wanafunzi wanavyomweleza mwalimu: nini kilitokea, ulikitambuaje, na kikawaje baada ya kukitambua.

Mama yako