Uwanja kwanza, nyumba baadaye

Dirisha la jikoni kwangu lilikabiliana na dirisha la jikoni kwa wifi yangu, na baina yake palikuwa na hatua tatu tu. Kwenye ramani lilionekana jambo zuri: mtu na wifiye wapike huku wakizungumza, waombane chumvi bila kutoka nje. Mwezi wa kwanza tulizungumza kweli. Mwezi wa tatu mimi nilikuwa nimetundika pazia zito, naye amebandika magazeti kwenye vioo. Halafu siku moja akanijia barazani, akaniambia kwa upole, "Wifi, mimi hata nikikaanga dagaa, nahisi natazamwa." Hapo nikatambua kwamba kosa halikuwa lake wala langu. Tulikuwa tumejenga karibu bila kujengeana stara.

Naeleza haya kwa sababu familia nyingi za hapa Mombasa, kuanzia Kisauni hadi Likoni, ziko palepale tulipokuwa sisi. Baba alituachia nusu ekari Utange. Tuko watoto watano, na mama alikuwa hai bado. Shauri la kwanza la kila mtu lilikuwa moja: tukate, kila mmoja apate kipande chake, ukuta wake na geti lake. Tulipopiga hesabu, tukatoa na njia ya kufikia vipande vya nyuma, hakuna ambaye angepata hata ile ploti ya kawaida ya futi 50 kwa 100. Basi tukaacha kukata. Hisa za mirathi tulizimaliza kwanza kwa Kadhi, na nawasihi msitangulize mawe na saruji kabla ya hilo. Kisha tukajenga nyumba sita ndogo, tano zetu na moja ya mama, hakuna inayozidi mita za mraba 50, zote zikizunguka uwanja mmoja wenye mwembe alioupanda baba kwa mkono wake.

Mpwa wangu anasomea usanifu wa majengo. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba kuna watu wa mbali waliofikia fikira hiyohiyo kwa njia yao. Katika mji mdogo wa Langley, kisiwani Whidbey, jimbo la Washington nchini Marekani, halmashauri ilibadilisha kanuni zake mwaka 1995 ili nyumba ndogo ziruhusiwe kuwa nyingi zaidi kwenye kiwanja kimoja, mradi zisivuke ukubwa uliowekwa, ziwe na bustani ya pamoja, na magari yakae kando. Mwaka 1998 msanifu Ross Chapin na mshirika wake wakamaliza nyumba nane kwenye theluthi mbili za ekari. Nane! Na picha zake hazionyeshi msongamano hata kidogo. Niliangalia picha hizo usiku kucha nikitafuta siri yake, mpaka mpwa wangu akaniwekea kidole: kila nyumba ina upande wenye macho na upande wenye mgongo. Upande mmoja una madirisha makubwa, upande wa pili madirisha ni machache na yako juu. Nyumba zimepangwa hivi kwamba macho ya hii yanatazama mgongo wa ile. Ukifungua dirisha unaona bustani na ukuta wa jirani, humwoni jirani akivaa shati.

Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi Kuze katika Mji wa Kale, angelielewa jambo hilo kabla hujamaliza kulieleza. "Mlango usitazame mlango," ndivyo alivyosema kila alipoona nyumba mpya inainuka. Nyumba yake ilikuwa imebanana na za majirani kiasi kwamba ungeweza kugusa kuta mbili kwa mikono miwili, na hata hivyo sikuwahi kuona ndani ya chumba cha mtu mwingine. Ukipita na mlango u wazi, jicho liligonga ukuta wa daka, ile sehemu ya kuingilia nyumba, likarudi. Nyumba za mtaa wa Majengo nazo zina mpango wake: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba ubavuni, uani nyuma. Mgeni ana vituo. Wa mtaani anaishia barazani, rafiki anafika ukumbini, na uani ni pa wenyewe. Sisi tulizaliwa ndani ya elimu hii, tukaiacha tulipoanza kununua ramani za nyumba zilizochorwa zisimame peke yake katikati ya ploti.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ningeweza kuishia hapo: msianze na nyumba. Anzeni na uwanja.

Kabla ya mchoraji ramani kushika kalamu, mjomba wetu, fundi mwashi wa miaka mingi, alitupeleka Utange na vigingi, kamba na gunia la chokaa. Alituuliza maswali mawili. Arusi mtaiweka wapi? Na jeneza litapita wapi? Dada yangu mdogo alichukizwa na swali la pili, lakini mjomba hakutikisika. Tulipima uwanja kwa hema: hema moja ya wanawake, mahali pa masufuria ya pilau pasipopeleka moshi hemani, na nafasi ya watu kupita nyuma ya wapishi. Ukatoka mita 18 kwa 14. Mkubwa kuliko huo, alisema, mtu akipiga hodi huku hasikiki kule, na uwanja utageuka kiwanja cha mpira cha mtaa mzima. Njia za kuingilia tukazipa mita mbili, wanaume wanne wapite na jeneza bila kuliinamisha. Tulichora mistari ya chokaa chini, tukaweka viti mahali pa kila baraza, tukaketi humo kutwa nzima. Saa tisa alasiri tukaona kwamba viti viwili viko juani kabisa, tukavisogeza. Kusogeza kiti ni bure. Kusogeza nyumba je?

Mama alifariki miaka miwili baadaye. Alitoka mlangoni kwake hadi getini mabegani mwa wanawe na wajukuu, na hakuna aliyelazimika kugeuka ubavu. Mjomba alisimama chini ya mwembe, hakusema neno.

Sasa baraza. Hapa msibane pesa. Kaka yangu wa pili alitaka sebule iwe kubwa, akapunguza baraza yake ikawa na kina cha futi 4. Haikaliwi. Ukiketi, magoti yako yanaziba njia. Anayetaka kuingia lazima akuinue. Yangu ina futi 8: mkeka unatandikwa, sinia linakaa katikati, na mtu anapita nyuma bila kusema samahani. Benchi la saruji lina kimo cha goti. Mbele yake kuna ukuta mfupi unaoficha miguu ya aliyeketi, na huo ukuta mfupi ndio uliobadilisha maisha yetu sisi wanawake. Naweza kukaa na kanga moja alasiri nikichambua mchicha, nikaona uwanja wote na watoto wote, na mpita njia akaona kichwa changu tu. Nikitaka mazungumzo nakaa ukingoni. Nikitaka kuachwa narudi kwenye pembe, na watu wa hapa wameshajua maana ya pembe.

Upepo nao una madai yake. Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi huvuma ikitoka upande wa kusini-mashariki. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Zote mbili zinatujia kutoka upande wa bahari, kwa hiyo upande wa mashariki ndio tulioacha mapengo, na nyumba tukazipanga kwa kupishana, ya nyuma isijifiche kabisa mgongoni mwa ya mbele. Kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini. Magharibi tuliweka vyoo na stoo, kwa sababu jua la alasiri mwezi wa Februari halina huruma na chumba cha kulala. Mawe ni haya ya matumbawe yanayochimbwa huku pwani. Paa nilitaka la makuti, kwa ubaridi wake na kwa mapenzi tu, lakini mjomba alikataa katakata: nyumba zilizo karibu hivi, cheche moja ikishika makuti ya mmoja, mmewaka sita. Tukapiga mabati na dari, na baina yake tukaacha matundu ya hewa. Nyumba ya mama tuliisogeza hatua nne kuikwepa minazi miwili. Nazi ikianguka kutoka juu haibishi hodi.

Kuhusu maji, tulikosea mara mbili. Uwanja tuliuacha chini kidogo kuliko njia ya nje, na masika ya kwanza, mwezi wa Mei, maji yalisimama siku mbili mpaka ngazi ya baraza ya dada. Tulichimba mfereji baadaye kwa gharama mara nyingi kuliko ambavyo ingekuwa mwanzoni. Pimeni mteremko kabla ya msingi, na mwende kuangalia ploti yenu siku ya mvua kubwa mkiwa na mwavuli. Kosa la pili lilikuwa mita moja ya kupimia maji kwa nyumba sita. Ugomvi wa kwanza wa kweli katika uwanja huu haukuwa wa watoto wala wa kelele, ulikuwa wa bili. Tangi la chini liwe moja, la kukingia maji ya bomba siku yanapokuja na maji ya mvua kutoka mapaani, lakini kila nyumba iwe na mita yake. Stima vilevile. Jambo moja tulilolifanya sawasawa ni kutenga kisima na shimo la choo, kila kimoja pembe yake, kisima upande wa juu. Mwamba wetu wa matumbawe umejaa matundu. Uchafu husafiri ndani yake upesi kuliko mtu anavyodhani. Na kisima chenyewe msikivute kupita kiasi, maana huku pwani chumvi hupanda.

Magari yanakaa getini. Kutoka hapo hadi mlango wa mbali zaidi ni hatua 40, na kaka mkubwa alilalamika mwaka mzima kuhusu mtungi wa gesi. Tukanunua mkokoteni mdogo unaokaa chini ya mwembe. Siku hizi yeye ndiye anayewazuia wageni wanaotaka kuingiza gari, kwa sababu wajukuu wake wanajifunza baiskeli uwanjani. Watu wakitembea hizo hatua 40 wanaonana, wanaulizana hali. Ukishukia mlangoni kwako unaweza kumaliza wiki bila kujua jirani anaumwa.

Makaratasi nitayapitia haraka. Ramani ipitishwe na kaunti, na mradi uandikishwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kenya ina Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020, inayowezesha mtu kuwa na hati ya sehemu yake, na wamiliki wakawa na shirika la kusimamia eneo la pamoja. Mwulizeni wakili na mpima ardhi kama inaingia kwenye nyumba zenu zilizosimama kila moja peke yake, au mnahitaji mpango mwingine. Vyovyote iwavyo, andikeni. Sisi tuna ukurasa mmoja uliosainiwa na wote: nani anafagia, taa za uwanja zinalipwaje, muziki mwisho saa ngapi, na kwamba anayetaka kuuza awaambie kwanza walio ndani. Undugu hauondoi haja ya karatasi. Karatasi hiyo imetuepusha na maneno ambayo yangesemwa kwa hasira.

Na lile dirisha? Fundi alilijenga mpaka juu ya kimo cha kichwa, akaacha sehemu ya juu na matofali ya matundu ili moshi utoke na mwanga uingie. Kisha akanifungulia jingine upande wa uwanja. Kazi ya siku mbili. Wifi aliondoa magazeti yake wiki ileile. Chumvi tunaombana bado, ila sasa mmoja anatoka, anapita barazani, anabisha hodi, na mara nyingi anakaa.

Sasa kaka yangu mdogo anataka kuongeza ghorofa, maana watoto wake wamekua. Hakuna aliyemkatalia. Tumekubaliana ngazi ipite upande wa mgongo, na kabla hajamlipa mchoraji hata shilingi, tujue jicho la mtu aliyesimama huko juu litafika wapi: kwenye uani wa nani, kwenye kamba za nguo za nani, kwenye chumba cha nani. Jumamosi fundi analeta ngazi ndefu ataiegemeza pale dirisha litakapokuwa. Tumemchagua wifi apande.