Uswahili, uswahilini, na tangazo la dalali

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha tano, nakaa Pasua, Moshi. Kwenye insha ya matabaka ya jamii niliandika: "Watu wa tabaka la chini wanaishi uswahilini." Mwenzangu anadai ilitakiwa "uswahili", kwa kuwa u- inatosha kuonyesha mahali. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa sarufi, ni wewe. U- hutaja nchi ya watu, kama Unyamwezi, lakini kwa mitaa ya mjini mazoea yameshika -ni: uzunguni, uhindini, uswahilini, kama tunavyosema Uchagani na Umasaini. Uswahili bila -ni ni mwenendo na utamaduni wa Waswahili. Hilo limekwisha.

Lililonichoma ni kazi uliyolipa neno hilo. Umeandika uswahilini ukimaanisha umaskini, nawe unakaa Pasua, ambako nako huitwa uswahilini!

Hukuanza wewe. Kuna karatasi ya dalali imebandikwa karibu na stendi, naipita kila asubuhi: "Nyumba inapangishwa, vyumba vitatu, maji ndani, mazingira tulivu, SI USWAHILINI." Tangazo la Kiswahili, limeandikwa na Mswahili, linamhakikishia Mswahili kwamba hapo Waswahili hawakai. Dalali huyu alikuwa na maneno tele. Kama njia haipitiki masika, aseme haipitiki. Kama nyumba zimebanana hadi gari la zimamoto haliingii, aseme zimebanana. Choo cha kuchangia kinaitwa choo cha kuchangia. Hayo yote ni upungufu wa ramani, bomba na mfereji. Hakuna hata moja lililoletwa na lugha ya mtu wala asili yake. Lakini yeye ameyafunga yote kwenye furushi moja na kuliandika jina letu juu.

Asili ya neno ni Kiarabu, sawahil, yaani pwani. Halina ufukara ndani yake. Ufukara uliingizwa na mkoloni aliyeigawa miji kwa rangi za watu: uzunguni bustani na barabara pana, uhindini maduka, uswahilini wale ambao bomba na taa viliwafikia mwisho. Mtaa ulinyimwa, kisha jina la wakazi wake likageuzwa kuwa jina la kunyimwa kwenyewe. Tumepata uhuru mwaka 1961 na bado tunamsaidia kulitamka hivyo. Ndiyo maana fundi akichelewesha kazi anaambiwa "acha uswahili", na ahadi ya uongo inaitwa "ya kiswahili". Inaniuma kila nikiisikia, na huisikia hata kwa walimu wa Kiswahili.

Itazame Shanty Town yetu. Kwa Kiingereza jina hilo maana yake ni mtaa wa vibanda, na kila mtu Moshi anajua kwamba ndiko kwenye nyumba za nafasi na miti ya kivuli. Jina la vibanda halikumshushia hadhi mwenye pesa hata siku moja. Jina la Mswahili ndilo limechafuka kwa sababu mwenye nalo hana kitu.

Kwa insha ya sosholojia, kosa ni kubwa zaidi. Mwanafikra Mjerumani Karl Marx alipima tabaka kwa umiliki wa njia za uzalishaji mali, kama ardhi na viwanda. Mwanasosholojia Max Weber akaongeza hadhi na madaraka. Umaskini nao una kipimo chake. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya Watanzania walikuwa chini yake. Vijijini ilikuwa asilimia 31.3, mijini 15.8. Kwa hiyo sentensi yako imewasahau maskini walio wengi. Hao hawako uswahilini wala uzunguni, wako shambani.

Sikukatazi neno. Ukitaka kutaja mtaa wenye vibaraza, jirani anayekuchungia mtoto na chapati za alfajiri, liandike uswahilini bila haya. Ukitaka kutaja ukata, andika ukata. Sentensi yako ningeisahihisha hivi: "Mjini, watu wa kipato kidogo hupanga mitaa ambayo kodi yake wanaimudu, na mingi ya mitaa hiyo haikupimwa."