Uchungu wa Mtoto wa Pili Haupigi Hodi Tatu

Wakunga wanajibu maswali ya wasomaji

Safari hii maswali ni ya kina mama wanaomngoja mtoto wa pili, na la mume mmoja. Tumeyafupisha.

SWALI: Kwa mwanangu wa kwanza nilikaa na uchungu saa 19, na mara mbili nilirudishwa nyumbani kwa kuwa njia ilikuwa haijafunguka. Sasa nina wiki 36 na sitaki kuaibika tena. Nisubiri uchungu ukolee kiasi gani ndipo nitoke? – Mama wa mmoja

JIBU: Dada, usisubiri ukolee. Kurudishwa ni usumbufu tu, lakini kuzalia njiani ni hatari.

Mimba ya kwanza, shingo ya kizazi hufanya kazi mbili kwa zamu. Kwanza husinyaa ikawa nyembamba, kama shingo ya sweta inayovutwa kichwani, kisha ndipo inafunguka. Ile zamu ya kwanza peke yake inaweza kula siku nzima, na bila shaka ndiyo iliyokurudisha nyumbani mara mbili. Uzao wa pili kazi hizo huenda sambamba. Ndiyo maana mkunga anaweza kukupima wiki ya 38 akakuta njia imefunguka sentimita 1 au 2 na wewe huna uchungu wowote. Hilo si dalili kwamba unajifungua usiku huo.

Uchungu wenyewe huhesabiwa njia ikifika sentimita 5. Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia hapo mpaka sentimita 10, kwa kawaida haizidi saa 12 kwa uzao wa kwanza na saa 10 kwa zinazofuata. Kusukuma ni hadi saa 3 kwa wa kwanza, 2 kwa wanaofuata. Hiyo ni mipaka ya juu. Wapo wengi wa uzao wa pili wanaosukuma mara tatu nne, mtoto huyu hapa.

Kinachowaponza wengi ni kumbukumbu. Mama anangoja maumivu yafanane na yale aliyokuwa nayo saa ya 15 ya mtoto wa kwanza, kumbe mwili haupiti tena njia ile. Uchungu wa pili unaweza kujivuta nusu siku, unakuja na kupotea, halafu ndani ya saa moja ukabadilika kabisa. Kwa hiyo shika saa, achana na kumbukumbu. Hesabu tangu uchungu mmoja unapoanza mpaka unaofuata unapoanza. Wengi huhesabu tangu ulipokwisha, wakapata jibu la uongo. Mama wa mtoto wa kwanza huambiwa atoke uchungu ukija kila dakika 5. Wewe toka ukija kwa mpangilio kila dakika 10 hadi 7, kwa nusu saa. Kama kituo kiko mbali, toka mara tu uchungu unapopata mpangilio, hata kama bado ni mwepesi.

Utapata pia uchungu wa uongo zaidi ya mara ya kwanza. Kuupima, kojoa, kunywa glasi mbili za maji, lala kwa ubavu wa kushoto kwa saa moja. Ukififia, ulikuwa wa uongo. Ukizidi, chukua mkoba wako na kadi ya kliniki.

Chupa ikipasuka usihesabu chochote, ondoka. Kwa uzao wa pili kichwa cha mtoto mara nyingi hakishuki kwenye nyonga mpaka uchungu uanze, na maji yakitoka kwa kishindo kichwa kikiwa juu, kitovu kinaweza kutangulia. Ukihisi kitu kama kamba ukeni, usikirudishe. Piga magoti, weka kifua chini na makalio juu, na watu watafute gari huku umekaa hivyo hivyo. Maji ya kijani au ya kahawia maana yake mtoto amejisaidia tumboni. Mwambie mkunga mara ufikapo.

SWALI: Mke wangu alimzaa kifungua mimba wetu kwa saa nne tu. Nikijikuta naye peke yetu nyumbani, nifanye nini? – Mume mwenye wasiwasi

JIBU: Ndugu yetu, kazi yako kubwa itakuwa kutokuharakisha. Mtoto anayekuja haraka kwa kawaida anakuja vizuri. Madhara mengi huletwa na mikono inayovuta.

Akisema anataka kwenda haja kubwa, usimwache aende chooni. Kichwa ndicho kinachokandamiza. Piga simu ya msaada, weka sauti ya nje, nawa mikono kwa sabuni. Tandika nguo safi sakafuni, alale ubavu au apige magoti na kuegemea kiti. Asizae amesimama, mtoto anateleza kama samaki.

Kichwa kikionekana, mwambie aache kusukuma na ahemehe kwa mdomo. Weka kiganja chako wazi juu ya kichwa, bila kukizuia, kisije kikafyatuka na kumchana mama. Kikishatoka, pitisha kidole shingoni. Kama kitovu kimezunguka na kimelegea, kipitishe juu ya kichwa. Kama kimekaza, kiache, mwili unaweza kupita hivyo hivyo. Sasa ngoja uchungu unaofuata. Hapa ndipo watu wanapokosea: kichwa kimetoka, kimya, dakika inapita, mtu anashikwa na hofu na kuvuta. Usivute. Mabega yanajigeuza yenyewe.

Mpokee kwa taulo kavu, mfute kwa nguvu kiasi, msugue mgongo, badilisha taulo lililolowa, kisha mlaze kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, uwafunike wote wawili na kichwa cha mtoto pia. Ndani ya dakika moja anatakiwa alie au apumue. Asipopumua hata baada ya kusuguliwa, mlaze chali kichwa kikiwa sawa, si kimepinda nyuma. Funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, umpulizie pumzi 5 ndogo za hewa ya mashavuni, ukitazama kifua kinyanyuke.

Kitovu usikikate, iwe kwa wembe au mkasi. Hakuna haraka yoyote hapo, na tetenasi huingilia hapo. Kondo la nyuma mara nyingi hutoka lenyewe ndani ya dakika 30. Likitoka liweke kwenye beseni pembeni ya mtoto. Kulivuta kunaweza kukatisha kitovu, au kugeuza mfuko wa uzazi nje ndani. Mwache mtoto anyonye, kisha papasa tumbo la mama chini ya kitovu: mfuko wa uzazi unatakiwa kuwa mgumu kama mpira. Ukiwa laini, usugue kwa mzunguko mpaka ukaze. Damu ikiendelea kububujika, au kondo likipitisha nusu saa, hiyo ni dharura. Hata mambo yakienda vizuri, mama na mtoto waende wakaonwe.

SWALI: Shoga yangu amejifungua mtoto wa pili juzi, anasema maumivu ya tumbo wakati wa kunyonyesha yanakaribia uchungu wenyewe. Wa kwanza hakuwa nayo. Kuna kitu kimebaki ndani? – Jirani

JIBU: Kwa kawaida hapana. Baada ya uzao wa kwanza mfuko wa uzazi hukaza na kubaki umekaza. Ukishatanuka mara ya pili hulegea na kukaza kwa zamu, na kila kukaza kunauma. Mtoto akinyonya, mwili humwaga oksitosini, homoni ile ile inayoleta uchungu. Siku 2 au 3 za kwanza ndizo mbaya, baada ya hapo hupungua.

Akojoe kabla ya kunyonyesha, maana kibofu kilichojaa husukuma mfuko wa uzazi juu na kuuzuia kukaza. Alale kifudifudi na mto chini ya tumbo. Ibuprofeni miligramu 400 kila saa 8, baada ya chakula, inaruhusiwa kwa anayenyonyesha. Ainywe nusu saa kabla ya kumweka mtoto titini. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu, figo au aliyepanda presha kwenye mimba aulize kwanza, na wakati huo atumie parasetamoli gramu 1 kila saa 6. Kodeini aiache, hupita kwenye maziwa na inaweza kumlewesha mtoto.

Arudi hospitali akiwa na homa, uchafu wenye harufu mbaya, pedi inayolowa yote ndani ya saa moja, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua.

SWALI: Mimi ni O hasi, mume wangu ni chanya. Baada ya mtoto wa kwanza sikuchomwa sindano yoyote. Nina mimba ya wiki 14. – Hasi

JIBU: Angalia kundi la damu la mtoto wa kwanza. Kama naye ni hasi, ile sindano ya anti-D, inayozuia mwili wa mama kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto, hukuihitaji. Kama ni chanya, damu yake inaweza kuwa iliingia kwako wakati wa kuzaa, na mwili wako ukatengeneza kinga dhidi yake. Kifungua mimba huponyoka kwa sababu kinga hiyo huchelewa. Wa pili huikuta tayari, ikavuka kondo na kuvunja seli zake za damu, akapata upungufu wa damu tumboni au manjano kali baada ya kuzaliwa.

Omba sasa kipimo cha kinga hiyo. Ikiwa haipo, utachomwa anti-D wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ni chanya. Ukitokwa na damu ukiwa mjamzito, usingoje wiki ya 28. Ikiwa kinga imeshajijenga, sindano haiwezi kuifuta. Hapo utafuatiliwa kwa karibu na daktari bingwa.

SWALI: Wa kwanza alitanguliza makalio nikapasuliwa. Huyu ametanguliza kichwa. Naweza kuzaa kawaida? – Mwenye mshono

JIBU: Sababu yako ni miongoni mwa zile nzuri kwa kujaribu, kwa kuwa haijirudii. Kati ya wanawake 100 wanaojaribu baada ya upasuaji mmoja, kama 72 hadi 75 hufaulu. Hatari inayoogopwa ni mshono wa mfuko wa uzazi kuachia, ambayo humpata takriban mmoja kati ya 200.

Usitazame kovu la ngozi, halisemi kilichokatwa ndani. Tafuta karatasi za upasuaji. Mkato wa kulala, sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, ndio unaoruhusu kujaribu. Wa wima juu hauruhusu. Uliza pia muda, kwa kuwa chini ya miezi 18 tangu upasuaji mpaka uzazi huu hatari hupanda.

Zile dakika 10 hadi 7 tulizomwambia Mama wa mmoja si zako. Wewe unaingia hospitali uchungu unapoanza tu, hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu, si zahanati, na mapigo ya mtoto yasikilizwe muda wote. Misoprostoli ya kuanzisha uchungu na mitishamba ya kuuongeza ni mwiko kwako. Na ukihisi maumivu kwenye mshono yasiyokatika hata uchungu unapopumzika, au uchungu ukikatika ghafla, sema hapo hapo, usingoje mkunga apite.